Huyu Tajiri Wako Anamdai Nani?

Mjomba akitaka kukusikiliza kweli, huvua miwani na kuiweka juu ya kikombe cha kahawa kama kifuniko. Jioni ile aliivua mapema, nikajua leo sina pa kujificha.

Tulikuwa barazani kwake, Ngamiani, Tanga. Jua limeshainama, watoto wa jirani wanagombea baiskeli moja. Nilikuja na kurasa kumi na mbili za riwaya yangu ya fantasia, ile ambayo kila ndugu yangu ameshaisikia na hakuna aliyeiona. Nikamsomea sura ya tatu. Niliichagua makusudi, kwa kuwa ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwinyi Sadala, tajiri mkubwa wa mji wa Tumbarani, anashuka ngazi za mawe pamoja na binti mmoja aliyekuja kumwomba chombo cha kuvukia bahari. Anafungua kufuli tatu, anainua kifuniko cha sanduku, na dhahabu inawaka. Mwanga wa ile dhahabu niliuandikia aya nzima. Unapanda ukutani, unashuka, unatua kwenye kope za binti.

Nilipomaliza, mjomba alikaa kimya kidogo.

"Huyu tajiri wako," akasema, "anamdai nani?"

"Hamdai mtu, mjomba."

"Na yeye, anadaiwa na nani?"

"Hadaiwi. Si nimekwambia ni tajiri?"

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi aletewe maji. Akanywa, akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Basi mwanangu, huyo si tajiri. Huyo ni mlinzi wa sanduku."

Halafu akahamia kwenye bei ya sukari.

Mimi sikuhama. Wiki tano nimekaa na lile swali. Nimelala nalo, nimepanda nalo daladala, nimeacha chai ipoe kwa ajili yake.

Nilimvisha kanzu tu

Mwanzo nilimkasirikia. Nikajiambia kwamba mzee hajui fantasia, anaisikiliza riwaya kama anayekagua hesabu za duka. Katika fantasia kuna majini, kuna miji inayoelea, kuna mbuzi wanaosema. Sasa nani atauliza habari za madeni?

Lakini usiku ule nilimsoma tena Mwinyi Sadala, safari hii kwa sikio la mjomba, nikaona jambo lililonitia aibu. Namfahamu huyu mtu. Nimeshakutana naye mara hamsini. Ukisoma riwaya za fantasia nyingi kama nilizosoma mimi, kwenye simu, usiku, kwa lugha za watu, utamjua kwa harufu. Mnene, mwenye pete, mwepesi wa kucheka. Haonekani mpaka shujaa akwame na kuhitaji jahazi au farasi. Akishatokea anakuwa na kila kitu, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: amsaliti shujaa, au amfie.

Mimi nilichofanya ni kumbadilisha nguo. Nikamvisha kanzu na joho, nikampigia kilemba, nikamwekea mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, nikamchomea udi. Nikaona nimemrudisha nyumbani.

Mlango ulikuwa wa Pwani. Aliyekaa nyuma yake hakuwa wa kwetu.

Tajiri wa nani?

Siku ya nne au ya tano, ndani ya daladala, konda na dereva walikuwa wanabishana. Abiria walikuwa wachache, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Konda akasema, "Hapa hata hesabu ya tajiri haijatimia, wewe unataka kula." Nikainua kichwa.

Tajiri.

Neno hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni mfanyabiashara. Anayenunua na kuuza, basi, awe na kitu au awe amefilisika. Sisi tukalichukua, likatukaa mdomoni, polepole likawa mtu mwenye mali nyingi. Lakini nenda kituo cha daladala, au kijiwe cha bodaboda, utasikia maana ya zamani bado inapumua. Konda akisema tajiri, hamfikirii mtu anayeogelea kwenye noti. Mara nyingi anajua kabisa kwamba lile gari lenyewe lina mkopo wa benki, na tajiri naye analala macho. Tajiri ni yule ambaye jioni hesabu inapelekwa kwake.

Ndiyo maana wanasema "tajiri yangu". Lazima awe tajiri wa mtu fulani. Konda asipokuwepo, tajiri anabaki kuwa mzee mwenye gari bovu uani.

Nikamtazama Mwinyi Sadala wangu kwa jicho hilo. Ana jumba la ghorofa tatu, ana kufuli tatu, ana sanduku. Tajiri wa nani? Katika kurasa mia mbili na kitu hakuna hata mtu mmoja aliyemwita "tajiri yangu". Hakuna aliyemletea hesabu. Hata mpishi hakuwa na jina.

Nilishuka kituo kimoja mbele ya changu.

Kaunta buku

Mjomba aliuza vitambaa zaidi ya miaka thelathini. Likizo zangu za shule ya msingi zimeishia kwenye kigoda nyuma ya meza yake, nikikunja doti za kanga na kuzipanga ili maandishi yasomeke. Harufu ya kanga mpya, ile ya wanga kabla haijaonja maji, mpaka leo ikinipitia najiona nina miaka kumi.

Chini ya meza kulikuwa na kaunta buku. Alilifunga kwa gazeti, juu ya gazeti nailoni, juu ya nailoni mpira wa baiskeli. Fedha aliziacha kwenye droo isiyo na ufunguo, akaenda kuswali akarudi. Lile buku alikwenda nalo.

Ndani hamkuwa na majina ya vyeti. Kulikuwa na Mama Maandazi, Fundi Baiskeli, Mke wa Pili, na Mrefu wa Pangani. Mbele ya jina idadi ya doti, mbele ya doti tarehe, halafu vijistari vidogo, kimoja kwa kila malipo. Deni likiisha, alichukua rula akapiga mstari juu ya jina. Rula kila mara. Sikumwona hata siku moja akikata jina kwa mkono mtupu, kana kwamba mstari uliopinda ungeacha mlango wazi.

Ukutani, juu ya kichwa chake, lilibandikwa karatasi: LEO TASLIMU, MKOPO KESHO. Aliandika mikopo chini ya karatasi hiyo asubuhi hadi jioni.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa jina kwenye buku la mtu mwingine. Alipanda basi kwenda Kariakoo, akarudi na mzigo wa mali kauli, amechukua kwa neno lake tu, atalipa baada ya Idi. Mama Maandazi akikawia wiki mbili, mjomba naye anakawia wiki mbili, na mzee wa Kariakoo anapiga simu kuuliza hali ya hewa ya Tanga. Hakuuliza deni kamwe. Aliuliza kama mvua zimeanza.

Kwa hiyo mjomba alikuwa tajiri au maskini? Ungepiga hesabu ya vilivyomo dukani ukatoa anachodaiwa, siku nyingine ungebaki na kigoda. Lakini mtaani aliitwa tajiri, na hakuna aliyecheka.

Kuna siku moja nimeirudia sana katika wiki hizi tano. Mrefu wa Pangani alifariki. Alikuwa mchuuzi wa samaki, na alichukua doti sita kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mjomba akanichukua mazikoni. Kabla jeneza halijatoka, kaka wa marehemu alisimama akasema maneno tunayoyajua sote, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, familia ipo. Nikamwangalia mjomba. Mjomba anaangalia kandambili zake.

Jioni akafungua buku, akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina.

"Amelipa?" nikauliza.

"Amekufa."

"Sasa mbona umemfuta?"

Akafunga mpira wa baiskeli, taratibu. "Ana wadogo wanne. Wote wananunua hapa."

Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Ilikuwa huruma aliyoivika nguo za biashara asije akaonekana laini mbele ya mtoto? Au ilikuwa biashara tupu, doti sita kununua wateja wanne? Nilikuwa na miaka kumi na miwili nikaamini ya kwanza. Nilipofika ishirini na tano nikaamini ya pili. Siku hizi nadhani yeye mwenyewe hakuwa na mahali ambapo moja inaishia na nyingine inaanza.

Hilo ndilo alilolikosa Mwinyi Sadala. Nilimpa dhahabu, sikumpa sentensi kama ile.

Jina juu ya robota

Nikarudi kwa mfanyabiashara wa kwanza niliyempenda hadithini, Sindbadi. Tunamkumbuka kwa ndege wake mkubwa na kwa kisiwa kilichokuwa samaki. Mimi nilikuwa nimesahau jinsi anavyotajirika tena katika ile safari ya kwanza. Chombo kimemwacha baharini, wenzake wanajua amezama. Yeye anaokoka, anafika bandari ya ugenini hana hata kiatu. Siku moja chombo kinaingia, nahodha anamwambia kuna marobota humu, mwenyewe alikufa maji, tunayauza ili fedha tuwapelekee watu wake Baghdad. Mwenyewe anaitwa nani? Sindbadi.

Hana kitu mkononi, na bado ni tajiri, kwa sababu jina lake liko juu ya robota na mtu mmoja mwaminifu amelibeba kuvuka bahari.

Hapo nikaanza kusoma kwa njaa. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona kitu ambacho mwandishi wa fantasia angeogopa kukibuni, asije akaambiwa amezidisha. Chombo cha mfanyabiashara kikitia nanga, vijana wa mji wanakiendea kwa sambuku, mashua zao ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anampa mfanyabiashara mmoja ile sahani na kusema, huyu ni mgeni wangu. Basi. Tangu hapo mgeni anashukia kwa yule mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Ukimpunja kwenye bei, au ukamuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara hiyo kwao haihesabiki.

Yaani kabla hujawa mnunuzi wala muuzaji, unakuwa mgeni wa mtu. Umekula.

Na ukishakula, upepo ndio utakaosema unaondoka lini. Kaskazi imekuleta, kusi itakurudisha, na kati yake una miezi ya kukaa kwenye baraza la watu. Wajukuu wangapi wa Pwani wamezaliwa kwenye miezi hiyo, hiyo ni riwaya nyingine.

Nikakata aya ya mwanga wa dhahabu. Iliniuma kama jino. Nikaandika upya: Mwinyi Sadala yuko juu ya dari la nyumba yake, anatazama baharini. Kaskazi inakwisha. Vyombo vyake vitatu vilipaswa kuwa vimeshaingia, kimeingia kimoja. Mji mzima unajua, na mji mzima una adabu ya kutouliza. Watu wanampitia kumsalimu, wanamuuliza kama joto limepungua. Sanduku bado lipo ghalani, bado lina kufuli tatu. Ndani hamna kitu. Analifunga kwa sababu wanaomdai wanalitazama.

Kwa mara ya kwanza niliogopa kwa niaba yake. Nikajua sasa ni mtu.

Nikadhani nimemaliza.

Watu kumi

Ibn Battuta hakuishia Mogadishu. Alishuka mpaka Kilwa, akamkuta sultani aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Kisa chake kimoja nilikipenda mno nikataka kumpa Mwinyi Sadala. Siku ya Ijumaa sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamsimamisha njiani, anamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani anaingia ndani, anavaa nyingine, anampa zile. Watu wanamsifu sana kwa unyenyekevu. Sultani anaona sifa hizo, anaagiza fakiri aongezewe zawadi: watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Na msafiri anaongeza kwamba zawadi za mji ule nyingi ni pembe, dhahabu hutolewa kwa nadra.

Nilikisoma mara ya kwanza nikasema, ukarimu ndio huu. Mara ya pili nikaandika pembeni: "pembe, si dhahabu! badilisha ghala".

Mara ya tatu ndiyo nikawaona watu kumi.

Walikuwa pale muda wote, katikati ya sentensi ya sifa, kati ya nguo na pembe. Nimewapita mara mbili, mimi, mjukuu wa watu weusi wa Pwani, nikiwa nachungulia pembe zina uzito gani.

Nilifunga kompyuta. Siku tatu sikuandika.

Nilipoifungua tena nilikwenda moja kwa moja kwenye sura ya kwanza, mahali nilipoeleza biashara ya Mwinyi Sadala. Nilikuwa nimeandika: "Vyombo vyake vilibeba hariri, viungo na vitu vya thamani." Vitu vya thamani! Mwandishi mzima, napima kila kivumishi, na hapo nimetupa maneno matatu kama mtu anayefagia taka chini ya mkeka. Sikuwa sijui. Nilikuwa sitaki kujua. Ndiyo maana nilimpa dhahabu tangu mwanzo. Dhahabu haina kwao, haina mama, haiulizi ilibebwa na nani.

Hata Sindbadi, ukifungua mwanzo kabisa, hadithi haianzi naye. Inaanza na hamali. Mtu amechoka, ana mzigo kichwani, anautua kwenye benchi mlangoni pa jumba la tajiri ili apumzike, anasikia muziki na kunusa chakula, analalamika kwa Mola. Na yeye anaitwa Sindbadi. Tajiri anamwita ndani na kumsimulia safari zake saba, na kila siku anamtoa na vipande mia vya dhahabu. Sisi tunaondoka na ndege mkubwa. Mzigo uliobaki pale mlangoni ulikuwa wa nani, sijawahi kumsikia mtu akiuliza.

Na nikiwa nataka minyororo ya madeni, kwetu haikuhitaji kubuniwa. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe na kufa Unguja mwaka 1905, hakuondoka Pwani na fedha zake. Aliondoka na bidhaa za mkopo kutoka kwa wafanyabiashara wa Unguja, mkubwa wao Tharia Topan, ambaye mwenyewe alifika kisiwani akiwa mtoto kutoka Kachchh, India, akaja akawa mkusanya ushuru wa forodha. Lile jengo la roshani za mbao mbele ya bandari, lililokuja kuwa zahanati, ni lake. Jiwe la msingi liliwekwa 1887. Vitambaa na shanga vinaingia bara kwa deni, pembe zinarudi kulipa deni. Ukiufuata uzi kutoka kwenye roshani zile, unapita kwa karani wa forodha, unapita kwa mwenye msafara, unakwenda miezi na miezi mpaka Manyema, mashariki mwa Kongo, na mwisho kabisa umefungwa begani mwa mtu. Wengine walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi waliolipwa ujira na kujivunia kazi yao. Wengine hawakuulizwa.

Yule wa mwisho katika buku hana ukurasa. Au anao, lakini upande wa bidhaa.

Nilimpigia mama kumuuliza, kwani sisi kabla ya duka la mjomba tulikuwa tunafanya nini? Babu yake babu alikuwa nani? Mama akasema alikuwa mtu wa watu tu. Nikauliza tena. Akasema simu inaishiwa chaji.

Kwetu hadithi ya ukoo inaanzia dukani.

Rehani

Katika Tumbarani ya kwanza kulikuwa na uchawi wa kila namna. Sasa umebaki mmoja. Mtu akiandikwa katika buku la Mwinyi Sadala, hawezi kuvuka mwamba wa bahari mpaka jina lipigwe mstari. Apande chombo chochote, avalie hirizi gani, akifika kwenye mwamba, tanga linageuka lenyewe na kumrudisha.

Nilijipongeza kwa uvumbuzi huo siku nzima. Jioni nikakumbuka rehani. Katika njaa za karne ya 19 kulikuwa na watu huku Pwani na nyuma yake waliomleta mtoto kwa mwenye nafaka, wakapewa chakula, mtoto akabaki mpaka watakaporudi kumkomboa. Wasiporudi, mtoto hakuwa rehani tena. Nani alihitaji mwamba wa kichawi?

Uchawi nimeuacha, lakini sijisifu nao tena.

Binti niliyemwambia mjomba habari zake, yule aliyekuja kuomba chombo, nimempa jina: Mize. Hakuja kutoka ng'ambo. Yupo mjini tangu ana miaka sita. Anaijua kila ngazi ya lile jumba kwa sababu yeye ndiye anayezifagia. Anapoomba kuvuka bahari, Mwinyi Sadala hamwonyeshi dhahabu. Anamfungulia buku, anamwonyesha ukurasa: jina lake, mwaka wa njaa, pishi kumi za mtama.

Na hapa ndipo nilipokwama vibaya. Kwa sababu sikumfanya mnyama. Nilijaribu, nikamrudishia kile kicheko cha zamani, lakini hakikumkaa. Huyu Mwinyi Sadala mpya anamwita Mize mwanangu. Anamletea kanga kila Idi. Akipiga mstari juu ya jina la mtu, anatumia rula.

Rula ilikuja yenyewe usiku wa manane, vidole vinaandika. Niliiona asubuhi, nikashindwa kumeza chai. Nimechukua mkono wa mtu aliyenilipia daftari za shule, nikauweka kwenye mwili wa mtu aliyemshika mtoto kwa mtama. Nifute? Niliifuta mara mbili, nikairudisha mara mbili. Bila rula, Mwinyi Sadala anarudi kuwa yule mnene mwenye pete ambaye msomaji anamchukia kwa raha zake na kulala vizuri.

Nikapanda basi kwenda Tanga.

Sikumwambia mjomba nimekuja kuomba ruhusa. Nilimwamkia, akaniitikia, akaagiza kahawa na kashata. Nikamsomea sura ya tatu mpya yote: dari, vyombo vitatu, sanduku tupu, buku, Mize, ukurasa, rula. Nilipofika kwenye rula sauti ilinipungua, nikajifanya nageuza karatasi.

Miwani ilikuwa juu ya kikombe. Mvuke umeifunika vioo vyote viwili.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Muadhini wa magharibi alikuwa anajaribu kipaza sauti. Mjomba akanyoosha mkono, nikadhani anataka kahawa, kumbe anataka kurasa. Akaziinua mpaka usawa wa jicho, bila miwani, akatafuta mstari kwa kidole.

"Pishi kumi?"

"Kumi, mjomba."

"Na huo ni mwaka wa njaa?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa.

"Nyingi mno. Mwaka wa njaa hakuna angetoa kumi kwa mtoto wa miaka sita. Andika tatu."

Akanipa kalamu yake. Nikakata kumi, nikaandika tatu.